Chasisi Mpya, Waya Mpya: Kufufua Pikapu ya Land Rover Series III

Pikapu za Land Rover Series III, zilizoundwa kati ya 1971 na 1985, bado ziko kazini kwenye mashamba ya Njoro, Molo, Rongai na Mau Narok. Injini ya lita 2.25 inafunguka na kurekebishika, giaboksi ni ngumu, na mabati ya bodi ni ya aluminiamu, kwa hivyo kutu haiyali. Kinachoangusha gari hili ni chasisi. Imeundwa kwa bomba la mraba la chuma cha takriban milimita 2. Tope la barabara za Mau huingia kwenye matundu yake, likakaa humo ndani na unyevu wake miezi mingi. Ongeza mbolea ya DAP na CAN inayomwagika kutoka kwenye magunia, na kwa wale wanaosomba samaki upande wa Kisumu, maji ya barafu yanayochuruzika kila siku. Chuma kinaoza kutoka ndani kuja nje, huku rangi ya nje bado inapendeza.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari aliyeamua kubadilisha chasisi nzima. Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo: chasisi na waya ni kazi moja. Kwenye gereji nyingi kazi hizi hutenganishwa. Mchomeleaji anamaliza, rangi inapakwa, bodi inarudishwa, kisha ndipo fundi wa waya anaitwa. Gari linatoka likimetameta lakini taa hazina nguvu na stata inasuasua. Waya za kwenda nyuma zinapita ndani ya chasisi yenyewe, na umeme wa kila taa unarudi betri kupitia chuma hichohicho. Bodi ikiwa imevuliwa, ndiyo nafasi ya kufanya yote mawili vizuri. Ikisharudi, unabaki kufanya kazi umelala chali.

Anza na karatasi

Namba ya chasisi ndiyo jina la gari. Iko kwenye logibuku, iko kwenye kibati kilichobandikwa ndani ya kabini, na kwa kawaida imegongwa kwenye chasisi mbele upande wa kulia, karibu na mshikio wa springi. Ukibadilisha chasisi bila kuijulisha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, una gari lisilolingana na karatasi zake, na shida itakupata siku ya kuliuza, kulikatia bima au kulipeleka ukaguzi.

Ukinunua chasisi ya mtumba kutoka Land Rover nyingine, inunue pamoja na logibuku yake na mkataba wa mauzo wenye sahihi na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Chasisi isiyo na karatasi iache papo hapo, hata kama bei inatamanisha. Ukinunua mpya, tunza risiti. Peleka vyote NTSA kabla ya kufungua bolti hata moja, eleza unachotaka kufanya, kisha fuata maelekezo utakayopewa kuhusu ukaguzi na kubadilisha maelezo ya gari. Usikubali fundi akugongee namba ya zamani kwenye chuma kipya. Nia inaweza kuwa safi kabisa, lakini machoni pa mpelelezi hiyo ni namba ya kughushi. Chasisi ya zamani nayo usiikimbize kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kipande chenye namba kihifadhi hadi karatasi zako zikamilike.

Hakikisha kweli chasisi imekwisha

Lala chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi ndefu. Gonga kila inchi chache. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama debe lililojaa mchanga. Hapo penye sauti nzito chokoa na bisibisi. Angalia hasa mikono inayotokeza kando kushika bodi, chuma cha kukingama cha nyuma kabisa, na sehemu zote zinazoshika springi.

Mikono ikioza peke yake, au chuma cha nyuma peke yake, si lazima ubadilishe chasisi. Vipande hivyo hukatwa na kuchomelewa vipya, na ni kazi ya kawaida kwa fundi mzuri wa kuchomelea. Lakini ikiwa mihimili miwili mirefu imeoza karibu na mishikio ya springi, acha viraka. Hapo ndipo uzito wote wa gari na mzigo unapokaa, na kiraka kilichochomelewa juu ya chuma kilichooza hakina cha kushika.

Hakikisha pia unatafuta chasisi ya urefu unaofaa. Series III ziko za inchi 88 na za inchi 109 kati ya ekseli na ekseli. Pikapu nyingi za shambani ni za 109, yaani milimita 2,769.

Siku moja ya picha na lebo

Kabla ya spana kugusa gari, tenga siku nzima ya kupiga picha. Piga kila kiungo cha waya, kila bomba la breki linavyopinda, kila kishikizo. Piga kwa mbali kisha kwa karibu, na weka tepu ya kupimia ndani ya picha ili baadaye ujue ukubwa.

Lebo za waya ziandike kwa kalamu isiyofutika kwenye tepu nyeupe, na uzibandike pande zote mbili za kila kiungo kabla hujakitenganisha. Usiandike "waya ya kijani". Andika kazi yake: "breki nyuma kushoto", "geji ya mafuta". Rangi ya waya ya gari la miaka zaidi ya 40 haiaminiki, maana mafundi waliopita hapo waliunga kwa chochote kilichokuwa mfukoni.

Bolti za sehemu moja zitie kwenye mfuko mmoja wenye jina. Kati ya bodi na chasisi utakuta vipande vya bati na washa za unene tofauti. Hivyo navyo vitunze na uandike kila kimoja kilikaa wapi, kwa sababu ndivyo vilivyopanga milango ikafunga sawasawa.

Kuhusu spana: bolti nyingi za Series III ni za inchi. Spana ya 13 inaingia kwenye kichwa cha nusu inchi, ambacho ni milimita 12.7, na kwa sababu hiyo inakila. Tafuta seti ya inchi, hasa 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4. Seti ya mtumba ya chuma kizuri ni bora kuliko mpya ya bei ya chini.

Na kama huna paa, usianze Machi. Mvua ndefu ikikukuta na bodi chini na chuma kitupu nje, utakuwa unasugua kutu mpya kila asubuhi. Sakafu ya saruji iliyo sawa ni lazima pia. Vipimo vya chasisi havipimiki kwenye udongo.

Kuvua bodi

Chomoa betri kwanza, kisha toa tangi la mafuta na ulipeleke mbali na mahali pa kuchomelea. Tangi lililomwagwa lote ndilo la hatari zaidi, kwa sababu limejaa mvuke. Usikubali mtu alichomelee wala aliweke karibu na grinda.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: boneti, grili na fremu ya radieta, madigadi ya mbele, paa la kabini, milango, kioo cha mbele na fremu yake, sanduku la viti na sakafu, kisha kitanda cha nyuma, na mwisho ule ukuta wa chuma kati ya injini na kabini. Kitanda cha nyuma ni chepesi kwa kuwa ni aluminiamu, na watu wanne wanakibeba bila shida.

Bolti za chuma zilizoshikana na aluminiamu mara nyingi hazitafunguka. Zimwagie mafuta ya kulainisha kutu jioni kwa siku kadhaa mfululizo. Isipofunguka, ikate na grinda. Bolti ni bei ndogo, bati la Land Rover lililopasuka si bei ndogo. Wakati wa kurudisha, weka washa ya nailoni au kipande cha mpira mahali aluminiamu inapokutana na chuma. Metali hizi mbili zikigusana penye maji, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na utaona unga mweupe chini ya rangi.

Ule ukuta wa mbele ni chuma, si aluminiamu, na huoza chini kwenye pembe zake mbili. Urekebishe sasa ukiwa umesimama sakafuni.

Injini na giaboksi ziinue pamoja kwa cheni bloku ya tani 1 au zaidi iliyofungwa kwenye boriti unayoiamini. Boriti ya mbao ya banda la kuku si mahali pa kuning'iniza injini. Mtu yeyote asipite chini yake ikiwa hewani.

Kisanduku cha usukani kilichokwama

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo watu wanapovunja vitu na kuumia. Katikati ya fimbo za usukani kuna kisanduku kirefu cha duara, kimesimama wima ndani ya chuma cha kukingama cha mbele. Mkono mmoja umefungwa juu yake na mwingine chini. Kwa miaka yote hiyo maji na tope vimeingia kati yake na bomba lililokishika, na kutu imevifanya kuwa kitu kimoja.

Weka alama kwenye mikono hiyo miwili kabla ya kuitoa, ili irudi kwenye meno yaleyale. Kilowanishe kwa mafuta juu na chini kwa siku kadhaa. Kisha fungua bolti zake, pasha moto chuma kinachokizunguka, na ukisukume kutoka chini kwa jeki huku ukigonga pembeni. Kikikataa, kumbuka kwamba chasisi hiyo unaitupa: kata chuma cha kukingama kukizunguka na grinda, ukipeleke mezani, upasue lile bomba polepole kwa urefu wake. Kugonga kwa nyundo kubwa juu ya shafti kunaharibu kisanduku chenyewe.

Usikifungue ndani kwa udadisi. Kuna springi yenye nguvu sana iliyobanwa humo, na ikiruka inaweza kukutoa jicho. Kama ni kigumu au kinavuja kupita kiasi, tafuta kingine kizima. Wakati wa kukiweka kwenye chasisi mpya, sugua bomba hadi liwe safi, paka grisi nyingi nje yake, na ukijaze mafuta kabla ya kufunga.

Kuipima na kuiandaa chasisi mpya

Iwe mpya au ya mtumba, usiamini macho. Iweke juu ya stendi nne kwenye sakafu sawa. Pima kutoka tundu la springi la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vinatakiwa kuwa sawa. Tofauti ikizidi milimita 5, chasisi imepinda na gari litatembea kiupande. Pima pia kila upande, mshikio wa mbele hadi wa nyuma. Halafu nyosha uzi kutoka mbele hadi nyuma juu ya kila mhimili uone kama kuna aliyekunja mgongo.

Ya mtumba isafishwe hadi chuma cheupe, irekebishwe, kisha praima na rangi. Ndani ya mihimili nyunyiza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu wa kupulizia. Bila hivyo umepaka sehemu isiyooza na kuacha inayooza. Kuchovya chasisi nzima kwenye zinki iliyoyeyushwa ndiyo kinga bora zaidi, kwa sababu zinki inafika ndani pia. Lakini kazi yote ya kuchomelea iishe kabla, na matundu ya kutolea hewa na zinki yawepo. Kuchomelea juu ya zinki kunatoa moshi unaoleta homa na kutetemeka, hivyo kama huna budi, kwangua zinki yote mahali hapo na ufanyie kazi penye upepo.

Chasisi iliyochovywa huwa na machozi ya zinki yaliyogandia ndani, makali kama wembe. Pitisha faili kwenye kila tundu ambalo waya itapita.

Kuhamisha ekseli, injini na breki

Springi kwanza. Ziandike kushoto na kulia tangu zinapotoka, kwa kuwa kwenye modeli hizi springi za upande wa dereva huwa zimeinuka kidogo zaidi. Weka bushi mpya na yubolti mpya, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Yubolti iliyonyooshwa kwa miaka 40 haikazi tena vizuri. Bolti za bushi zishike tu kwa sasa. Utazikaza kabisa gari likiwa limekaa kwa magurudumu na uzito wake wote, la sivyo mpira wa bushi utakuwa umejisokota wakati wote na utapasuka mapema.

Baada ya ekseli na magurudumu, una chasisi inayosukumika, na kazi inakuwa nyepesi. Injini na giaboksi zikae kwenye raba mpya. Mabomba ya breki yote yawe mapya, na ya mpira vilevile. Mabomba ya aloi ya shaba na nikeli yanapindika kwa mkono na hayashiki kutu. Yashikilie kwa vibanio kila baada ya sentimita 30 hivi, mbali na ekzosi. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Kama hujawahi kupinda na kufunua midomo ya mabomba ya breki, mpe anayejua.

Waya: panga kwanza, kata baadaye

Shika karatasi kubwa na uchore kila kinachotumia umeme: taa kubwa mbili, za pembeni, za nyuma, za breki, indiketa nne, honi, waipa, geji, stata, altaneta. Kando ya kila kimoja andika wati zake, gawanya kwa 12, na una ampea. Taa kubwa mbili za wati 60 ni 120, yaani ampea 10. Balbu za breki ni wati 21 kila moja, za nyuma wati 5.

Unene wa waya unatokana na hesabu hiyo na urefu wa njia. Mfano wa karibu: ampea 10 zikipita kwenye waya ya milimita mraba 1 yenye urefu wa mita 4, unapoteza karibu volti 0.7 njiani. Hilo peke yake linakunyima takriban moja ya tano ya mwanga wa balbu. Tumia ya milimita mraba 2.5 na hasara inashuka hadi chini ya volti 0.3. Kwa taa za nyuma na indiketa, milimita mraba 1 hadi 1.5 inatosha. Waya ya altaneta iwe 6 au zaidi. Soma ampea zilizoandikwa mgongoni mwake. Kebo ya stata isipungue 35, na kwa injini ya dizeli weka 50.

Waya ya gari ni ya nyuzi nyingi nyembamba. Ile ngumu ya uzi mmoja ya nyumbani, ambayo mara kwa mara naikuta kwenye magari ya shamba, inakatika ndani ya mpira wake kwa mtetemo, na kuitafuta ilikokatika ni taabu.

Rangi za asili za Lucas, kampuni iliyounda vifaa vya umeme vya magari haya, zinasaidia sana, na ukizipata madukani zifuate. Kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri. Nyeupe ni ule unaopita kwenye swichi ya ufunguo. Kijani umepita swichi kisha fyuzi. Zambarau una fyuzi lakini haujali ufunguo. Nyekundu ni taa za pembeni na za nyuma. Buluu ni za taa kubwa: yenye mstari mweupe ni mwanga mrefu, yenye mstari mwekundu ni mfupi. Kijani na nyekundu ni indiketa ya kushoto, kijani na nyeupe ya kulia, kijani na zambarau ni breki. Nyeusi ni athi, yaani njia ya umeme kurudi betri. Ukikosa rangi, tumia ulizonazo lakini weka namba kwenye ncha zote mbili na uandike namba hizo kwenye mchoro.

Fyuzi inalinda waya, hailindi balbu, kwa hivyo ukubwa wake unafuata waya iliyo nyembamba zaidi mbele yake. Hapa kuna mtego. Fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 zinakatika kwenye ampea 35, lakini mzigo wa kudumu zinaobeba ni 17 tu. Fyuzi za kisasa za meno mawili zinaandikwa mzigo wa kudumu. Ukitoa ya kioo ya 35 ukaweka ya meno ya 30, umeondoa ulinzi. Weka 15. Nashauri kisanduku cha fyuzi 8 au 10 za kisasa, ili taa ya kushoto ikikata fyuzi, ya kulia ibaki ikiwaka kwenye mteremko wa usiku.

Taa kubwa zipite kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo, moja ya mwanga mrefu na moja ya mfupi. Namba zimeandikwa chini ya rilei: 30 inapokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda taani, 85 na 86 ni za koili, moja ikitoka swichini na nyingine ikienda athi. Swichi ya zamani kwenye usukani sasa inabeba umeme mdogo tu na haitaungua. Fyuzi ya njia hiyo ikae karibu na betri iwezekanavyo, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi.

Kwenye kuunga, usisokote na kufunga tepu. Joto la injini linayeyusha gundi, tepu inafunguka, na waya zinagusana. Tumia terminali za kubana na koleo lake halisi, vuta kila moja kwa nguvu ujaribu, kisha ifunike kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Ukitumia solda, shikilia waya vizuri pembeni mwa kiungo, kwa kuwa solda inaigeuza ngumu na mtetemo unaikata hapo inapoishia.

Waya za kwenda nyuma zivalishe mpira wa kinga kabla ya kuziingiza kwenye chasisi. Zivute kwa waya ngumu ya chuma iliyotangulizwa, na acha uzi wa nailoni humo ndani. Siku utakapotaka kuongeza waya ya trela utashukuru. Kila tundu la chuma liwe na raba yake.

Athi, mahali kazi inapoharibikia

Mkulima analeta pikapu yake iliyopakwa rangi upya. "Fundi, nikiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za nyuma zinacheza. Nimenunua balbu mara mbili."

"Mzee, acha kununua balbu. Hebu tuone." Fundi anachukua waya ndefu, ncha moja anaifunga kwenye hasi ya betri, ya pili anaigusisha kwenye chuma cha taa ya nyuma. Indiketa inapiga vizuri, na taa zingine zimetulia. Anaondoa waya, zinaanza kucheza tena. Umeme ulikosa njia ya kurudi, ukajipenyeza kupitia balbu za jirani. Bolti ya athi ilikuwa imekazwa vizuri kabisa, juu ya rangi.

Kwa hiyo, kwenye chasisi mpya chagua sehemu nne au tano za athi na uziandae kwa makusudi. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, upana wa sarafu ya shilingi 20. Weka terminali, washa ya meno, bolti na nati. Kaza. Baada ya kukaza ndipo unapaka grisi au rangi juu ya kiungo chote, maji yasiingie.

Kebo nene kuliko zote itoke hasi ya betri hadi kwenye chasisi, na nyingine ya unene huohuo kutoka chasisi hadi injini au giaboksi. Injini imekaa juu ya raba, na raba haipitishi umeme. Ukisahau kebo hiyo, umeme wa stata utatafuta njia kupitia kebo ya choki au ya handibreki, na utaiona ikitoa moshi. Unganisha pia chasisi na ule ukuta wa mbele, na chasisi na kitanda cha nyuma. Taa za nyuma zipe waya zao nyeusi hadi kwenye bolti ya chasisi. Usitegemee bolti za kitanda, kwa maana umeweka washa za nailoni hapo.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Toa fyuzi zote. Kabla ya kuunganisha betri, weka mita kwenye ohmu kati ya kebo ya chanya na chasisi, swichi zote zikiwa zimezimwa. Ikisoma karibu na sifuri, kuna waya imegusa chuma.

Ikiwa salama, usiunganishe betri moja kwa moja. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21 na uipitishe kati ya betri na kebo ya chanya. Balbu hiyo hairuhusu zaidi ya ampea 2 hivi kupita, kwa hivyo hakuna kitakachoungua. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti; tafuta hadi izime. Kisha rudisha fyuzi moja baada ya nyingine huku ukiitazama. Usipige stata kupitia balbu hii.

Unganisha betri kikamilifu na ujaribu kila kitu. Washa taa kubwa, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha taa. Inatakiwa isome chini ya 0.2. Ikizidi, rudi kwenye athi hiyo. Rudia upande wa chanya vilevile. Betri iliyopumzika isome takriban 12.6, na injini ikinguruma kiasi, kati ya 13.8 na 14.4.

Siku fundi wa kuchomelea atakaporudi kugusa chochote, chomoa betri na altaneta kwanza. Diodi za altaneta haziwezi umeme wa mashine ya kuchomelea.

Barabarani

Sasa gari likiwa limesimama kwa magurudumu, kaza zile bolti za bushi za springi. Jaribu breki kwenye uwanja kabla ya barabara. Safari ya kwanza iwe fupi, bila mzigo, mchana. Kutoka mjini Nakuru kuelekea Njoro na kurudi inatosha. Ukirudi pita chini ya gari na tochi utafute mafuta, maji, na waya inayogusa ekzosi. Safari ya pili ipande Menengai, ili injini ichoke kidogo na uone kama joto linatulia na breki zinashika kwenye kuteremka. Jaribio la usiku lifanye na taa zote, waipa na honi kwa pamoja, huku mwenzako akiwa nyuma anakuangalizia.

Yubolti zikaze tena baada ya kilomita 100 za kwanza, kisha baada ya 500, pamoja na bolti za bodi, raba za injini na zile bolti za athi. Mchoro wa waya wenye namba uweke nakala mbili, moja kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti cha dereva. Kisha peleka gari kwenye kituo cha NTSA likakaguliwe. Subiri logibuku isome chasisi iliyo chini ya gari, mjulishe aliyekukatia bima, na ndipo upakie gunia la kwanza la viazi.